Mbadala wa Nne

Mbadala wa Nne uliandikwa ili ukataliwe. Kila mtu katika Idara ya Mipango alilijua hilo, na Sechelela Mhawi, aliyeuandika, alilijua kuliko wote. Katika Mamlaka ya Bonde la Mzangale hakuna andiko la upembuzi lililowahi kwenda mbele ya Baraza bila kuwa na mbadala mmoja wa kuchinjwa. Wenyewe waliuita mbuzi. Ukitaka wakubwa wakubali jambo chungu, unaliweka ubavuni mwa jambo la kutisha. Wanaliona la kutisha, wanashtuka, wanalichinja, halafu wanalikumbatia la kwako huku wakijiona watu wenye huruma. Chuoni ujanja huo haukufundishwa, lakini mwajiriwa mpya alikuwa ameshausikia kabla hajaonyeshwa choo kiko wapi.

Kosa la Sechelela lilikuwa moja tu: hakujua kuandika vibaya. Wenzake waliandika mbuzi wao kwa usingizi, nusu ukurasa, takwimu za kubabaisha. Yeye alikaa na wa kwake kama mtu anayesuka nywele za bibi harusi. Alieleza dawa itachomwaje, mwili utapoaje, nani atalinda milango. Bosi wake, Bwana Kapufi, alipoupitia alimpigia mluzi wa kumsifu, akasema mbuzi kama huyu Baraza litamchinja kwa machozi.

Siku ya Baraza, Mheshimiwa Theonestina, mwenyekiti, alivaa miwani na kufungua andiko kwenye ukurasa aliokuwa ameukunja pembe. Sechelela, aliyeketi nyuma ya Kapufi, akapumua. Aliamini ukurasa ule ni wa Mbadala wa Kwanza, ule aliokuwa akiupigania: kugawana kiu sawasawa, kutoka Mji wa Juu penye bwawa, kupitia mashamba ya zabibu, hadi kijiji cha Chilunda, mwisho wa bomba.

"Nimesoma mara mbili," alisema Mheshimiwa. "Mume wangu naye amesoma. Mbadala wa Nne. Nani ameuandika?"

Kapufi alikohoa. "Binti huyu hapa, Mheshimiwa. Ila huo wa Nne tumeuweka kwa kukamilisha tu."

"Kukamilisha nini? Hebu sikilizeni, waheshimiwa." Akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya posa. "'Wakazi wa Chilunda watalala usingizi usio na njaa wala kiu, na mvua itakaporudi wataamka kama mtu anayeamka nyumbani kwake.' Nani kati yenu amewahi kuniletea sentensi kama hii? Kila mwaka mnaniletea mabomba na saruji. Leo nimeletewa utu."

Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. Wote walikuwa wa Mji wa Juu na wa mashamba ya zabibu, kwa sababu Chilunda kilikuwa hakijafikisha idadi ya watu ya kupata mjumbe. Mbadala wa Kwanza ungewafungia mabomba siku moja baada ya nyingine. Wa Pili ungekausha zabibu. Wa Tatu, wa kuchimba maji ya chumvi na kuyasafisha, ungekula bajeti yote. Wa Nne haukumgusa yeyote aliyekuwa ndani ya chumba kile, isipokuwa mmoja.

"Kwenu wapi, binti?" aliuliza Mheshimiwa, mikono ya wajumbe ikiwa bado juu.

"Chilunda, Mheshimiwa."

"Ndiyo maana umeandika kwa mapenzi."

Wakampigia makofi. Naye, Mungu amsamehe, akainamisha kichwa na kusema ahsante, kwa kuwa mtu akipigiwa makofi mdomo wake hujisemea wenyewe.

*

Kamongo ni samaki wa tope. Bwawa likikauka hujizika, hujifunika kwa uteute wake, akapunguza pumzi na damu, akalala hadi maji yarudi. Wataalamu wa Taasisi ya Usingizi walikuwa wameuchukua uteute huo, wakaupika na kuuchuja, wakaweza kumlaza binadamu vivyo hivyo. Aliyelazwa hupoa kama mtungi wa maji, moyo hugonga kwa kusitasita, na kikombe kimoja cha maji humtosha msimu mzima. Kwa bonde ambalo mvua ilikuwa imeacha kuja kila mwaka, ikawa inakuja ikijisikia, habari hiyo ilikuwa tamu mno.

Sechelela alikwenda moja kwa moja kwa Dakta Shilinde, mkuu wa Taasisi. Alimkuta akitembea kati ya vitanda, akiwagusa walazwa wake mapajani kama mwenye duka anayepapasa magunia.

"Dakta, nipe vifo," alisema.

"Vifo gani?"

"Waliokufa wakilazwa. Sheria inaniruhusu kuufuta mbadala wangu nikileta ushahidi kwamba unaua. Nipe hata mmoja."

Shilinde alimtazama kwa masikitiko ya kweli. "Sina, dada yangu. Wote niliowalaza wameamka."

"Wote walikuwa nani?"

"Askari. Vijana wa kujitolea."

"Wazee je? Watoto?"

"Sijawahi kulaza mzee. Sijawahi kulaza mtoto. Ndiyo maana sina vifo vyao wala sina uzima wao." Akamgusa paja mlazwa mwingine. "Wewe mwenyewe uliandika kwamba madhara hayajabainika. Ni kweli kabisa, hayajabainika."

Usiku kucha Sechelela aliwaza kudanganya. Angeweza kubuni wafu wachache, akawapa umri na dalili, akawabandika kwenye kiambatisho. Asubuhi Kapufi alimsikiliza, akafunga mlango, akamjibu bila hasira.

"Seche, ukiuangusha wa Nne, hawatarudi kwenye wa Kwanza. Nimewasikia wakila chakula cha mchana. Watachukua Sifuri."

Mbadala Sifuri ulikuwemo katika kila andiko, kwa lazima. Maana yake ni kuacha mambo yaende yanavyokwenda. Na mambo yalivyokuwa yakienda, maji yaliishia kwenye zabibu, bomba la Chilunda lilikuwa likitema hewa, na mbuga ilianza kunuka mizoga.

"Kwa hiyo walale au wafe," alisema Sechelela.

"Mimi sikuandika," alijibu Kapufi.

*

Kabla ya utekelezaji, mwandishi wa andiko hutakiwa aende mwenyewe kuchukua ridhaa ya walengwa. Chilunda walimpokea kwa vigelegele, kwani ndiye msichana wa kwanza wa kijiji kuwa na jina lake kwenye mlango wa ofisi. Walikusanyika shuleni, midomo imepasuka, na alipowasalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" waliitikia kwa sauti iliyomfanya atamani ardhi ifunguke.

Akawaeleza. Alieleza vizuri, ndiyo kazi aliyoijua. Mfugaji mmoja, Chidumizi, mtu wa maneno makali, akasimama.

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe hawalazwi. Dawa haiwashiki. Mamlaka itawanunua."

Minong'ono ikapita. Kwa Wagogo wale ilikuwa kama kuambiwa watalala wao, roho zao zitapelekwa buchani.

"Wewe ungelala?" aliuliza Chidumizi.

"Ningelala. Ila mwandishi haruhusiwi, lazima abaki asimamie."

"Aha. Mpishi haonji."

Watu wakacheka, cheko kavu. Hapo akainuka Mbeleje, mama yake Sechelela, mwanamke mwembamba ambaye ulimi wake ulishawahi kumfukuza mtoza ushuru hadi akasahau pikipiki. Akamtazama Chidumizi kwanza, mpaka akakaa.

"Mwanangu," alisema, "jambo hili umeliandika wewe?"

"Mimi, mama."

"Kwa mkono wako? Hukushurutishwa?"

Ukweli ulikuwa mdomoni tayari. Niliandika ili wakatae, mama. Nilikuandika wewe na jirani zako ili wakubwa washtuke. Akautazama umati ule uliokauka, akamkumbuka Kapufi na Sifuri yake, akaona kwamba ukweli hautamletea mtu hata kata moja ya maji. Na palikuwa na jambo jingine, dogo, la aibu: hakutaka mama yake ajue.

"Sikushurutishwa."

"Basi mimi nalala," alisema Mbeleje, na kijiji kizima kikamfuata. Katika sura ya maoni Sechelela aliandika: Wameridhia.

Walilazwa katika maghala ya zamani ya mtama yaliyopigwa rangi nyeupe. Malori ya ng'ombe yaliondoka asubuhi, watu wakalazwa mchana, ili wasipate muda wa kuomboleza. Mbeleje alinyoosha mkono wa kushoto kwa ajili ya sindano na kuuliza swali moja tu.

"Nikiamka nitamkamua nani?"

"Tutanunua wengine, mama."

"Haya. Uwe unakula."

Akafumba macho. Chidumizi, kitanda cha pili, hakufumba. Dakta Shilinde ndiye aliyemfumba baadaye, kwa vidole.

*

Mvua ilirudi, na ilirudi kwa fujo. Bwawa lilijaa, likafurika, makorongo yote ya Mzangale yakaimba. Sechelela alikimbia chini ya mvua bila mwavuli hadi ofisini kwa Mheshimiwa Theonestina, akaingia akidondosha maji kwenye zulia.

"Mheshimiwa, mvua! Tuwaamshe."

"Kaa, mwanangu, utapata homa." Mheshimiwa alimpa taulo kwa mkono wake mwenyewe. "Nimefurahi umekuja. Unajua, wakati wenzetu wamepumzika, bonde limepiga hatua. Zabibu zimefika hadi karibu na Chilunda. Mji umepata mitaa mipya. Maji ya Chilunda yana watu sasa."

"Chilunda ndio watu wa maji ya Chilunda."

"Walikuwa. Kwa kumbukumbu zetu, matumizi ya Chilunda leo ni kama hayapo. Kuwaamsha ni matumizi mapya, na matumizi mapya yanahitaji upembuzi. Sheria hii unaijua vizuri kunishinda." Akatabasamu. "Nimemwambia Kapufi akupe wewe. Wewe una moyo."

Sechelela alikataa. Kwa wiki kadhaa hakugusa kalamu, akadhani kwa kugoma kwake amewabana. Hakuna aliyebanwa. Bila andiko hakuna uamuzi, bila uamuzi watu wanaendelea kulala, na mabomba mapya yaliendelea kufukiwa kuelekea mbuga ya kwao. Kapufi alipita mezani kwake kila asubuhi akimwuliza hali, akimletea maandazi. Sechelela alipokuja kung'amua kwamba kugoma kwake ndiko walikokuwa wakikutamani, alivuta kiti na kuanza kuandika kwa kasi ya mtu anayezima moto.

Akaweka kuamsha wote mara moja. Akaweka kuwaamsha kwa mafungu. Kuwaacha walale, Sifuri, akauweka kwa kuwa ni lazima. Mambo yalikwama kwenye sura ya maoni.

"Walengwa wanasemaje?" aliuliza.

"Wamelala," alisema Kapufi. "Andika hakuna pingamizi lililopokelewa."

Akaenda kuchimba kwenye kanuni, na humo akapata kifungu kilichosahauliwa: pale mlengwa asipoweza kusema, Baraza linaweza kutoa kibali cha kumwezesha mmoja aseme kwa niaba ya wenzake. Mmoja, kwa muda wa kikao. Na mwandishi asizungumze naye kabla, asije akamlisha maneno.

Sechelela hakuhitaji kufikiri. Aliandika jina la Mbeleje. Alifikiria ule ulimi, akamfikiria Mheshimiwa Theonestina akiwa mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya makofi alilala fofofo.

*

Mbeleje aliingizwa barazani akishikwa kiwiko na Dakta Shilinde. Nywele zilikuwa zimenyonyoka upande mmoja. Alijitanda kaniki yake hadi kifuani, mkono wa kushoto ukiwa ndani. Dakta alipompita Sechelela alinong'ona bila kugeuka.

"Mkono hauamki. Vidole vimekufa. Nadhani wazee wengi watakuwa hivyo, au zaidi."

Humo humo kwenye uchungu Sechelela akasikia furaha, tena akajichukia kwa furaha hiyo. Ushahidi ule alioutafuta ulikuwa umeingia kwa miguu yake. Mkono mmoja tu uinuliwe, na kijiji kizima kitaamshwa, kwa kuwa hata Baraza lile lisingethubutu kusoma neno "madhara" na kuendelea.

Lakini tuangalie alichokiona Mbeleje. Alikuwa ametoka gizani saa chache zilizopita. Hakuna aliyemweleza lolote, kwa kuwa kanuni ilikataza. Aliona ukumbi mrefu wenye watu wakubwa waliokunja nyuso. Mbele yao aliona mwanawe amekaa peke yake kwenye meza ndogo, amekonda, macho mekundu. Mwanamke yeyote wa Chilunda angeelewa kama alivyoelewa yeye: wanamhukumu mtoto wangu.

"Mama," alisema Mheshimiwa kwa upole, "tunataka kujua kuhusu mpango ule wa kuwalaza. Ulioandikwa na huyu hapa."

"Namjua aliyeandika. Nimemzaa."

"Je, ulidhurika kwa namna yoyote?"

Mbeleje alimtazama binti yake. Sechelela alitikisa kichwa kwa nguvu, akimaanisha sema, sema yote. Mama yake aliona mtoto anayeomba asichongewe.

"Sikudhurika," alisema. "Nililala vizuri. Tangu niolewe sijawahi kulala vizuri vile."

Wajumbe wakacheka kwa raha. Sechelela akasimama hadi kiti kikaanguka.

"Mama, waonyeshe mkono!"

"Mkono gani?"

"Wa kushoto! Waonyeshe, mama, nakuomba!"

"Mwandishi akae," alisema Mheshimiwa.

"Sikai! Mheshimiwa, mpango ule ulikuwa wa uongo. Niliuandika ili mkatae. Kila andiko tunaweka mmoja wa namna hiyo, muulize Bwana Kapufi! Sikuwahi kutaka mtu alazwe!"

Kapufi alikuwa akitazama kucha zake. Kisha Mbeleje akacheka, cheko la mama anayemfichia mtoto aibu mbele ya wakwe.

"Msimsikilize, wakubwa zangu. Huyu ndivyo alivyo. Tangu mdogo, mkimsifu anajishusha, mkimwuliza nani kavunja chungu anasema yeye hata kama alikuwa shuleni. Ameandika vizuri. Sisi sote tuliridhia wenyewe, hakuna aliyeshikiwa fimbo. Kama pana kosa, basi ni letu, yeye mwacheni." Akaivuta kaniki, akaukaza mkono ndani zaidi. "Na mimi mkono wangu mzima."

"Dakta?" aliuliza Mheshimiwa. "Akaguliwe?"

Shilinde, ambaye Taasisi yake ilikuwa imeahidiwa jengo jipya, alitazama sakafu. "Mama mwenyewe amesema, Mheshimiwa."

"Kweli. Hatuwezi kumfunua mama wa watu mbele ya kadamnasi." Mheshimiwa Theonestina alivua miwani, na macho yake yalikuwa na machozi, si ya kuigiza. "Mama, umetufundisha kitu leo. Iandikwe kwamba shahidi hakuwa na malalamiko. Waheshimiwa?"

Mikono ikainuka kwa ajili ya Sifuri. Mbeleje hakuelewa maana ya mikono, ila aliona nyuso zimelegea, naye akashusha pumzi.

Kibali kilikuwa cha muda wa kikao, na kikao kilikuwa kimekwisha. Sechelela aliruhusiwa kumsindikiza. Njia nzima hadi kwenye maghala mvua ilipiga paa la gari, na mama yake aliitazama kupitia dirishani kama mtu anayeangalia sherehe ya jirani.

"Wamekusamehe?" aliuliza.

"Wamenisamehe, mama."

"Niliwaona wakilegea. Yule mama mkubwa si mbaya." Alikuwa na furaha, furaha ya mtu aliyefika kwa wakati. "Kidogo uniharibie, wewe na mkono wako. Ningewaonyesha mkono si wangekufunga?"

Ndani ya ghala alipanda kitandani mwenyewe, akakataa kushikwa. Chidumizi alikuwa pale pale, shavu limeingia ndani. Mbeleje akamtupia jicho, akasonya kwa mazoea.

"Wengine mnawaamsha lini?"

"Karibuni."

"Msichelewe. Mvua hii ni ya kupandia."

Dakta Shilinde akachoma sindano kwenye mkono wa kulia, kwa kuwa wa kushoto haukuwa ukipokea. Sechelela aliushika ule wa kushoto, mweusi kwenye vidole, mgumu, akaendelea kuushika hata baada ya mkono mwingine kupoa na kulingana nao. Kisha akarudi ofisini. Sura ya maoni ilikuwa inasubiriwa, na Kapufi alikuwa ameshamwekea chai mezani.